Mtoto Wako Ameitwa Kortini: Jinsi ya Kumtayarisha Bila Kumfunza la Kusema

Simu ya afisa wa upelelezi mara nyingi huja siku chache tu kabla ya kesi. "Mama, kesi ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Mje na mtoto." Simu ikikatika, mzazi hubaki ameishika mkononi asijue aanzie wapi. Amwambie mtoto usiku huu au asubuhi ya siku yenyewe? Amkumbushe yaliyotokea au amwache asahau?

Kwa kukosa mtu wa kuwaelekeza, wazazi wengi hufanya moja kati ya makosa mawili. Wapo wanaonyamaza kabisa, mtoto akavalishwa nguo nzuri na kujikuta mbele ya hakimu bila kujua ameletwa kufanya nini. Na wapo wanaokesha wakimkaririsha: "Ukiulizwa hivi, sema hivi." Wa kwanza hujikuta na mtoto aliyeganda kwa woga, haongei. Wa pili hujikuta na mtoto anayeongea kama kasuku, na wakili wa upande wa pili huhitaji maswali mawili tu kulibaini hilo.

Njia iliyo sahihi ni hii: mtoto hutayarishwa kwa ajili ya korti, hatayarishwi kwa ajili ya majibu. Mweleze mahali, watu, utaratibu na haki zake. Yaliyompata ni yake kuyaeleza, kwa maneno yake mwenyewe. Makala haya yanafafanua jinsi ya kufanya hivyo kwa kufuata sheria za Kenya, hasa katika kesi za unajisi na dhuluma nyingine za kingono, ambazo aghalabu hutegemea neno la mtoto.

Kwa nini neno la mtoto lina uzito

Watu wengi mitaani huamini kwamba kesi haisimami bila shahidi aliyeona kwa macho. Si kweli. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba katika kesi ya kosa la ngono, ikiwa ushahidi uliopo ni wa mwathiriwa peke yake, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi huo, mradi hakimu ameridhika kwamba mwathiriwa anasema ukweli na ameandika sababu za kuridhika kwake.

Soma tena maneno hayo: "ameridhika kwamba anasema ukweli". Kesi nzima inaweza kusimama au kuanguka juu ya jinsi mtoto anavyosikika. Ndiyo sababu kumkaririsha ni hatari. Neno moja la kufundishwa likigunduliwa, hata yale ya kweli hutiliwa shaka. Isitoshe, mshtakiwa naye ana haki ya kuhukumiwa kwa ukweli, si kwa hadithi iliyotungwa jikoni.

Kazi huanza siku ya kwanza

Ushahidi wa mtoto hujengwa tangu pale anapofungua mdomo kwa mara ya kwanza. Mtoto akikuambia, msikilize mpaka mwisho. Mwambie umemwamini na kwamba si kosa lake. Usimrushie maswali mfululizo, wala usiwaite majirani waje wasikie. Kila mtu mpya anayemhoji huuliza kwa njia yake, na mtoto naye hujibu tofauti kidogo kila mara. Tofauti hizo ndizo zitakazosomwa kortini baadaye kama uongo.

Usimwogeshe, na nguo alizovaa usizifue. Ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi ya kaki. Mpeleke hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hutolewa ndani ya muda huo. Huko daktari hujaza fomu ya PRC. Polisi nao huandika taarifa kwenye kitabu cha matukio, wakakupa nambari ya OB na fomu ya P3 ambayo hujazwa na daktari. Fomu ya P3 haiuzwi. Mjini Mombasa, hospitali kuu ya Coast General ina kituo maalumu cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

Tafuta pia mapema thibitisho la umri: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au ripoti ya daktari ya kukadiria umri. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 hupanga adhabu ya unajisi kwa kufuata umri wa mtoto: miaka 11 kushuka chini, miaka 12 hadi 15, na miaka 16 hadi 18. Umri usipothibitishwa, kesi yenyewe hulegea hata mtoto angeeleza vizuri namna gani.

Nani amtayarishe

Mwenye jukumu la kwanza ni kiongozi wa mashtaka kutoka afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Huyu ndiye atakayemuuliza mtoto maswali ya kwanza, na anafaa kukutana naye kabla ya siku ya ushahidi, ajue jina analopenda kuitwa, lugha anayoimudu na mambo yanayomtisha. Usingoje kutafutwa. Nenda afisi yake kwenye majengo ya korti siku kadhaa kabla ukiwa na nambari ya kesi, na umwombe muda.

Wa pili ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, ambaye anaweza kumtembelea mtoto na kuandamana naye kortini. Wa tatu ni mshauri nasaha. Kazi ya mshauri ni kumsaidia mtoto kuutuliza moyo, kulala na kula, si kufanya mazoezi ya ushahidi. Familia inaweza pia kumpata wakili wa kufuatilia kesi kwa niaba ya mwathiriwa. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa nafasi ya kusikizwa, na shirika la FIDA Kenya, ambalo lina afisi Mombasa, hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wanawake na watoto wasio na uwezo.

Kuna jambo moja ambalo huwashtua akina mama wengi asubuhi ya kesi. Mama aliyeambiwa na mtoto yaliyotokea huwa naye ni shahidi, na shahidi ambaye hajatoa ushahidi hukaa nje. Kwa hiyo mlango ukifungwa, mama huenda akabaki barazani na mtoto akaingia peke yake. Panga mapema mtu mzima mwingine ambaye mtoto anamwamini na ambaye si shahidi, awe shangazi, nyanya au mwalimu, na umwombe kiongozi wa mashtaka aiombe mahakama imruhusu kukaa naye. Mwambie mtoto kabla: "Mimi nitakuwa nje ya mlango huu. Shangazi atakuwa ndani nawe. Ukimaliza utanikuta hapa hapa."

Mambo unayoweza kumfundisha

Kwanza, mpeleke akaone mahali. Iwe ni Tononoka, Shanzu, Kwale, Kilifi, Malindi au Lamu, omba kupitia kiongozi wa mashtaka au afisa wa watoto mtoto aoneshwe chumba kikiwa kitupu. Aone hakimu huketi wapi, yeye atasimama au kuketi wapi, choo kiko upande gani na mlango wa kutokea ni upi. Kama hamwezi kufika, mchorea kwenye karatasi: huyu ni hakimu, anayesikiliza na kuandika, huyu ni karani, huyu ni kiongozi wa mashtaka, huyu ni wakili wa mshtakiwa, huyu ni askari.

Usimfiche kwamba mshtakiwa atakuwepo. Mtoto anayemwona ghafla mjomba au jirani aliyemdhuru anaweza kupoteza sauti papo hapo. Mwambie: "Atakuwepo kwa sababu sheria inataka asikie anachoshtakiwa. Hawezi kukusogelea. Askari watakuwepo. Wewe mtazame anayekuuliza swali."

Pili, mfundishe kanuni nne za kujibu. Zinafundishwa kwa mambo ya kawaida, bila kuigusa kesi hata kidogo.

Ya kwanza: sema ukweli tu, yale uliyoyaona, kuyasikia na kuyahisi wewe.

Ya pili: usilolijua, sema "sijui", na uliyoyasahau, sema "sikumbuki". Muulize, "Mbwa wa hakimu anaitwa nani?" Akianza kubuni jina, mcheke pamoja naye, kisha mwambie jibu sahihi lilikuwa "sijui".

Ya tatu: swali usilolielewa, sema "sijaelewa". Mawakili hupenda maswali marefu yenye mambo matatu ndani yake. Mtoto ana haki ya kuulizwa kwa maneno anayoyaelewa.

Ya nne: mtu akikosea, mrekebishe. Mwambie, "Jana tulikula wali wa nazi, sivyo?" ilhali mlikula ugali kwa mchicha. Mzoeze kujibu, "La, tulikula ugali."

Kanuni hii ya nne ni ngumu kwa watoto wetu wa Pwani kuliko tunavyodhani. Tumewalea kwa adabu. Mkubwa akisema, mdogo huitikia "naam". Kumkatalia mtu mzima ni ukosefu wa heshima, na kumjibu "sijui" ni ukaidi. Adabu hiyo njema nyumbani humponza mtoto kizimbani. Wakili mwenye tai na sauti nzito akimwambia, "Wewe siku hiyo ulikuwa kwa nyanya yako, si ndiyo?" mtoto mwenye adabu hujibu "ndiyo", na neno hilo likishaandikwa ni kazi kubwa kulifuta. Kwa hiyo mpe ruhusa waziwazi: "Kortini, kumwambia mkubwa kwamba amekosea si utovu wa adabu. Hata hakimu anataka ufanye hivyo."

Muongezee na hili: swali likirudiwa, haina maana kwamba jibu la kwanza lilikuwa baya. Asibadilishe jibu ili kumfurahisha anayeuliza. Na akilia, si kosa. Anaweza kuomba maji, choo au mapumziko.

Lugha na maneno ya mtoto

Mtoto anayezungumza Kigiriama, Kidigo au Kipokomo nyumbani anaweza kuongea Kiswahili vizuri darasani. Woga ukimshika, hurudi kwenye lugha ya mama. Mjulishe kiongozi wa mashtaka mapema ili mkalimani atafutwe, badala ya kesi kuahirishwa asubuhi hiyo.

Wazazi wengine huhofia kwamba mtoto hataweza kutaja viungo vya mwili au tendo lenyewe kwa jina, wakaanza kumfundisha maneno ya daktari. Msifanye hivyo. Watoto wetu husema "alinifanyia tabia mbaya", na mahakama zinaifahamu lugha hiyo. Mahakama ya Rufaa, katika uamuzi wa 2017, ilieleza kwamba ni kawaida kwa mtoto kuona haya, na kwamba mahakama nchini zimekuwa zikiyakubali maneno ya staha ya namna hiyo. Kinachohitajika ni mtoto aweze kueleza ana maana gani, kwa kuonyesha, au kwa neno linalotumika nyumbani kwenu. Mweleze kiongozi wa mashtaka neno hilo kabla ya siku ya kesi, ili alielewe atakapolisikia. Kinyume chake, mtoto wa miaka saba anayetamka maneno ya kitabu cha sheria humfanya kila mtu ajiulize ameyapata wapi.

Hakimu ataanza na maswali yake

Kabla ya mtoto mdogo kutoa ushahidi, hakimu humuuliza maswali mafupi. Unaitwa nani? Unasoma wapi? Unaenda msikitini au kanisani? Kusema uongo ni vizuri au vibaya? Mtu akisema uongo, nini hufanyika? Nia ni kujua mambo mawili: kama anaelewa maana ya kiapo, na kama ana akili ya kutosha kueleza na anajua wajibu wa kusema ukweli. Asipoelewa kiapo lakini anaujua wajibu wa kusema ukweli, sheria inamruhusu kueleza bila kuapa. Hivyo kutoapa si kushindwa.

Hapa pia usimkaririshe. Zungumza naye tu, siku za kawaida, juu ya tofauti ya kweli na uongo. Na mhakikishie jambo ambalo watoto wengi huliogopa kimyakimya: yeye hafungwi. Mtoto anayeuliza, "Mama, nikikosea nitawekwa ndani?" anafaa kujibiwa wazi: "La, mwanangu. Ukikosea au ukisahau, waambie tu. Wewe hukushtakiwa."

Kinga ambazo sheria inampa

Katiba, kifungu cha 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Makosa ya Ngono, kifungu cha 31, inairuhusu mahakama kumtangaza mtoto kuwa shahidi anayehitaji ulinzi maalumu. Akishatangazwa, mahakama inaweza kuamuru:

– Atoe ushahidi akiwa nyuma ya kizuizi au mahali palipokingwa, asikabiliane uso kwa uso na mshtakiwa.

– Kesi isikilizwe faraghani, watu wasiohusika watoke nje.

– Jina lake na mambo yanayoweza kumtambulisha yeye au familia yake yasichapishwe.

– Atumie msaidizi wa kati, yaani mtu mwenye ujuzi au uzoefu anayeeleza kwa niaba yake. Anaweza kuwa mzazi, jamaa, mshauri nasaha au afisa wa watoto. Lakini mshtakiwa hawezi kutiwa hatiani kwa maneno ya msaidizi huyo peke yake bila ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, kwa hiyo njia hii itumike pale inapohitajika kweli.

Mshtakiwa asiye na wakili naye hamhojii mtoto moja kwa moja. Huiambia mahakama swali lake, na mahakama ndiyo humrudia mtoto. Aidha, kifungu cha 32 kinautaka upande wa mashtaka kumweleza shahidi juu ya kinga hizi kabla hajaanza kutoa ushahidi. Kama hamjaelezwa, ulizeni. Hazitolewi zote kila mara, na mara nyingi anayezipata ni yule aliyeziomba.

Mashinikizo ya kumalizana nyumbani

Kesi ikisogea, wajumbe huanza kuja. Wazee hukaa mkekani, hutajwa udugu, hutajwa mbuzi, hutajwa karo ya shule. "Ya nyumbani tuyamalize nyumbani." Mtoto husikia yote hayo kutoka chumba cha pili, na huelewa kwamba neno lake ndilo linaloivunja familia. Hakuna matayarisho ya korti yatakayomsaidia mtoto anayeambiwa hivyo kila jioni.

Jibu la kisheria ni fupi. Kesi si ya mama wala ya baba. Ni ya Jamhuri, na uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa idhini ya mahakama. Wazee hawana mamlaka hayo, na mzazi hana cha kuuza. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, au jamaa zake, wakimtisha au kumshawishi mtoto, ripoti kwa afisa wa upelelezi na kiongozi wa mashtaka mara moja. Mahakama inaweza kuifuta dhamana.

Siku yenyewe

Mtoto ale kabla ya kuondoka. Bebeni maji, kitu cha kutafuna, na kitu cha kuchezea au leso yake anayoizoea. Fikeni mapema na umwombe afisa wa upelelezi awatafutie mahali pa kukaa mbali na jamaa za mshtakiwa. Benchi moja la nje ya mlango limezima sauti za watoto wengi kabla hawajaingia. Mwambie pia kwamba kesi huenda ikaahirishwa. Mtoto aliyejikaza tangu alfajiri kisha akaambiwa "rudini mwezi ujao" huvunjika moyo, lakini aliyeonywa hustahimili zaidi.

Usimwahidi kwamba mshtakiwa atafungwa. Hilo haliko mikononi mwake wala mwako, na mshtakiwa akiachiliwa, mtoto atadhani ni yeye aliyeshindwa. Ahidi lile unaloweza kulitimiza: kwamba kazi yake ni kusema ukweli, na akishausema, kazi yake imekwisha.

Akitoka, usimkimbilie na "Umesema nini? Walikuuliza nini?" Kama wewe ni shahidi unayefuata, hupaswi kuyajua. Na hata kama si shahidi, yeye amechoka. Muulize kama ana njaa. Mrudishe nyumbani, mrudishe shuleni kesho yake, na uendelee kumpeleka kwa mshauri nasaha hata hukumu ikishatolewa.

Mwenye mtoto aliye hatarini, au asiyejua aanzie wapi, anaweza kupiga bila malipo nambari 116 ya msaada kwa watoto, au 1195 ya dhuluma za kijinsia.